Maua Yalivyoingia Kwenye Bafta: Maswali ya Wasomaji

Toleo lililopita tuligusia viwanda vya kwanza vya Ulaya vilivyochapa maua kwenye nguo za pamba, karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Barua zimekuja nyingi, hasa kutoka Mtwara na Lindi, nasi tumechagua saba. Waliouliza bei za vitenge watuwie radhi. Hilo waulizeni wenye maduka.

Mchonga vinyago, Mtwara: Mlisema nakshi za kwanza zilipigwa kwa vibao vya mbao. Mti gani ulitumika? Na mpingo wetu ungefaa?

Fundi, vibao vya Uingereza na Ufaransa vilichongwa kwenye miti migumu yenye chembe ndogo zilizobanana: mpeasi, sikamori na holi. Kibao hakikuwa kipande kimoja. Uso wenye nakshi ulikuwa wa mti huo mzuri, na nyuma yake ziligundishwa mbao za msonobari, nyuzi za ubao mmoja zikikatiza nyuzi za mwingine, ili kibao kisijipinde kwa kulowa na kukauka kila siku.

Mpingo ungekubali patasi, na namna unavyotunza mstari mkali wewe unajua kuliko sisi. Tena una ndugu katika kazi hii: shishamu wa India, wa jenasi hiyohiyo ya Dalbergia, unachongwa vibao vya kuchapia nguo mpaka leo. Tatizo ni uzito. Kibao cha sentimita 25 kwa 12.5, chenye unene wa sentimita 6, kikiwa cha mpeasi ni kama kilo 1.3, kikiwa cha mpingo kinapita kilo 2. Sasa piga hesabu: jora la mita 25 lenye upana wa sentimita 75 linataka mapigo 600 ya kibao hicho kwa rangi moja. Ua la rangi nne ni mapigo 2,400. Bega la mchapaji lingekataa kabla ya saa sita mchana.

Mistari myembamba haikuachwa iwe ya mti, maana ingemeguka. Walipigilia vipande bapa vya shaba kwa ukingo wake, vikasimama juu ya uso wa kibao kwa kimo kimoja na nakshi nyingine. Vidoa vidogo vilikuwa ncha za waya wa shaba. Sehemu pana, kama tumbo la jani, zilizungushiwa ukingo kisha zikajazwa sufu iliyoshindiliwa, kwa sababu mti mtupu haubebi rangi sawasawa: unaiacha ikusanyike pembeni na katikati panabaki mabaka.

Rangi yenyewe haikumiminwa kwenye kibao. Palikuwa na kijibeseni chenye uji mzito wa gundi, juu yake kitambaa kisichopitisha maji, na juu kabisa kitambaa cha sufu kilichowambwa kwenye fremu. Mtoto wa kazi alipaka rangi kwenye sufu hiyo kwa brashi, akiilainisha kila baada ya pigo. Mchapaji aligusisha kibao mara mbili, akageuza mkao kati ya mgusisho na mgusisho, akakiweka kwenye nguo iliyotandikwa juu ya meza yenye blanketi, akakigonga mgongoni kwa nyundo nzito. Pembeni mwa kibao palikuwa na pini za shaba zilizoacha vidoa vidogo. Pini za pigo lifuatalo ziliwekwa juu ya vidoa hivyo, na hapo ndipo ua liliungana. Ukiiona nguo kongwe ya namna hii tafuta vidoa hivyo pembeni mwa nakshi. Ni alama nzuri kuliko maneno ya muuzaji.

Muuza kanga, Lindi: Kanga nyingine leo zinachuja mara ya kwanza zikifuliwa. Nguo za zamani zilizotiwa rangi ya mizizi nasikia zilidumu. Walichapa rangi gani?

Mama, katika nguo zile kilichochapwa kwanza mara nyingi hakikuwa rangi. Ilikuwa dawa ya kushikisha, ambayo kwenye nguo karibu haionekani, hata ikabidi waitie rangi kidogo ya muda ili mchapaji ajue alipopita. Rangi ilikuja baadaye, nguo nzima ikichovywa kwenye pipa moja.

Mzizi uliotumika sana ni wa mmea uitwao rubia, uliolimwa Uholanzi, Ufaransa na Uturuki. Ndani yake mna alizarini, ndiyo inayotoa rangi. Alizarini peke yake haiishiki pamba. Ukiichemsha na bafta safi utapata waridi mchafu unaotoka kwa sabuni. Lakini panapokuwa na chumvi ya alumini (kama shabu) au ya chuma ndani ya uzi, inaungana nayo na kuwa kitu kisichoyeyuka. Kwa hiyo mahali penye dawa rangi inabaki, pasipo na dawa inafuliwa ikatoka. Ajabu yake ni kwamba pipa lilelile hutoa rangi nyingi: dawa ya shabu kali inatoa nyekundu, ya shabu iliyozimuliwa inatoa waridi, ya chuma kali inatoa nyeusi, ya chuma hafifu inatoa zambarau, na mchanganyiko wa shabu na chuma unatoa kahawia iliyoiva. Plinius, Mrumi wa karne ya 1, alishaeleza Wamisri wakifanya jambo la aina hii, kwa hiyo viwanda vya Ulaya havikuanzia sifuri. Walio mahiri zaidi walikuwa Wahindi, na nguo zao ndizo zilizowashtua wafumaji wa Ulaya hata Ufaransa ikapiga marufuku nguo za maua kuanzia 1686 hadi 1759.

Hatua zake zilikuwa hivi. Nguo kwanza iliunguzwa vinyweleo kwa kupitishwa haraka juu ya chuma chekundu, ikachemshwa kwa chokaa na magadi kuondoa mafuta na wanga wa mfumaji, kisha ikapaushwa. Zamani kupausha kulikuwa kuitandaza majanini kwa miezi; baada ya Berthollet, mkemia Mfaransa, kuonyesha kazi ya klorini mnamo 1785, na Tennant, mkemia wa Scotland, kuanza kuuza unga wa kupaushia 1799, miezi ikawa siku. Nguo isiyosafishwa vizuri inanywa dawa kwa mabaka, na hakuna ufundi wa baadaye unaorekebisha hilo.

Dawa nyekundu ilitengenezwa kwa kuchanganya shabu na chumvi ya risasi iliyotoka kwenye siki. Uchafu mweupe wa risasi ulizama chini, maji ya juu yakachukuliwa. (Ni sumu. Asithubutu mtu.) Dawa nyeusi ilikuwa chuma chakavu kilicholowekwa kwenye siki au asidi ya moshi wa kuni. Zote zilikolezwa kwa wanga, unga wa ngano au gundi ya mgunga. Uji mwepesi unatambaa kwenye nyuzi na ua linavimba kingo. Uji mzito mno unabaki juu juu, dawa haiingii.

Baada ya kuchapwa, nguo ilitundikwa siku kadhaa kwenye chumba chenye joto na unyevu. Siki iliyomo ilipaa na chumvi ya alumini au chuma ikabaki imeganda ndani ya uzi. Wenye haraka walipata hasara hapa: dawa ambayo haijaganda inatoka kwenye maji na kuhamia sehemu nyeupe, na nguo nzima inaingia waridi.

Ndiyo maana hatua iliyofuata, inayochekesha wageni, ilikuwa bafu la mavi ya ng'ombe. Nguo ilipitishwa kwenye maji ya mavi ya nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi. Fosfati na vitu vingine vya mavi vilikamata dawa iliyolegea kabla haijagusa nyeupe, vikasaidia kuigandisha ile iliyo mahali pake, na uji wa wanga ukatoka. Bafu likiwa baridi, au likijazwa nguo nyingi kupita kiasi, nyeupe inaharibika.

Kisha pipa la rubia. Nguo iliingia maji yakiwa vuguvugu, moto ukapandishwa polepole kwa kama saa mbili hadi nyuzi 70 au zaidi kidogo. Kuchemsha kabisa kunatoa rangi za kahawia zilizomo kwenye mzizi na nyekundu inafifia. Maji laini mno yalitiwa chaki kidogo, kwa sababu nyekundu nzuri ya rubia inahitaji chokaa pamoja na alumini. Mwisho ni kufua kwa sabuni na pumba, na kuitandaza tena juani hadi nyeupe irudi.

Kanga yako inayochuja ina kisa kingine. Mara nyingi rangi imeshika vizuri, ila kiwanda hakikuisuuza ile iliyozidi. Au ni rangi ya kugandishwa juu kwa gundi ambayo haikupata joto la kutosha. Kabla hujanunua mzigo, sugua kona kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikiingia rangi sana, mwambie mnunuzi wako ukweli, au urudishe mzigo.

Fundi mitambo, kiwanda cha kubangua korosho, Masasi: Mtambo wa kwanza wa rola ulifanyaje kazi, na ulisumbua wapi?

Kwanza kati ya kibao na rola palikuwa na bamba bapa la shaba. Francis Nixon alilitumia Drumcondra, karibu na Dublin, mwaka 1752. Lilitoa mistari myembamba isiyowezekana kwa mti, lakini kwa kawaida rangi moja tu, na kuunganisha pigo na pigo kulikuwa taabu. Thomas Bell wa Scotland akapata hataza ya mtambo wa rola mwaka 1783, na kufikia 1785 ulikuwa ukifanya kazi Mosney, karibu na Preston.

Fikiria silinda kubwa ya chuma katikati, imevalishwa tabaka za kitambaa ili iwe na ulaini. Kuizunguka zimepangwa rola za shaba, moja kwa kila rangi, zikikandamizwa kwayo. Nakshi imechimbwa ndani ya shaba, kinyume cha kibao ambacho nakshi yake inasimama juu. Chini ya kila rola kuna sanduku la rangi, na rola ndogo inayochota rangi na kuipaka kwenye shaba yote. Halafu kisu cha chuma cha pua, chembamba na kirefu kama rola yenyewe, kinakwangua rangi yote ya juu na kuacha ile tu iliyo ndani ya michoro. Nguo inapita kati ya rola na silinda, inakandamizwa, inanyonya rangi kutoka kwenye vitundu. Upande wa pili kuna kisu cha pili, cha shaba ya njano, kinachozuia vumbi la pamba lililonaswa na rola lisiingie kwenye sanduku. Nyuma ya nguo inayochapwa inapita blanketi, na kati yao kitambaa kibichi kisichopaushwa, yaani marekani, kinywe rangi inayopenya. Bila hicho blanketi linachafuka na kuchafua mita zote zinazofuata.

Waandishi wa Kiingereza wa zama hizo walidai kwamba mtambo mmoja, mtu mmoja na mtoto mmoja, ulilingana na wachapaji 100 wa vibao na watoto wao 100. Hata ukipunguza nusu, utaelewa kwa nini wachapaji wa vibao waliuchukia.

Sasa usumbufu. Ulio mkubwa ni kisu. Punje moja ya mchanga kwenye rangi ikikwama chini yake inakwaruza shaba, na mkwaruzo huo unachapa mstari mwembamba urefu wote wa jora mpaka rola isuguliwe upya. Kwa hiyo rangi ilichujwa kwa kitambaa kabla ya kuingia sandukuni. Uzi au nyuzinyuzi zikiinua ncha ya kisu kwa nukta moja, unapata mchirizi wa rangi unaotokea ghafla na kutoweka. Kisu butu hakikwangui vizuri, nguo yote inafunikwa ukungu wa rangi. Kisu kikali kupita kiasi kinakula shaba. Kuepusha kisu kisichimbe mahali pamoja kilifanywa kiende kushoto na kulia polepole wakati rola ikizunguka.

Usumbufu wa pili ni kuoanisha rola. Kila moja ilirekebishwa mpaka jani likae kwenye shina lake, kwanza kwa mita kadhaa za kujaribia. Nguo ikivutwa kwa nguvu upande mmoja, rangi zinaachana. Na kwa kuwa rola ya pili inakanyaga rangi ambayo haijakauka ya rola ya kwanza, na kuchukua kidogo kuipeleka sandukuni mwake, kwa kawaida rangi nyepesi zilitangulizwa. Njano ikidondokea kwenye nyeusi haina neno. Nyeusi ikidondokea kwenye njano, sanduku lote la kumwaga.

Kuchimba nakshi kwa mkono kwenye rola nzima kulichukua muda mrefu mno. Joseph Lockett wa Manchester alieneza njia nyingine mnamo 1808: ua moja linachimbwa kwenye kirola kidogo cha chuma cha pua laini, kinapewa joto na kupozwa ghafla kiwe kigumu, kinakandamizwa kwenye kirola kingine laini ambacho ua linasimama juu yake, hicho nacho kinagumishwa, na ndicho kinachobonyezwa kwenye shaba mara nyingi kadiri inavyotakiwa. Ua lililochongwa mara moja linajaza rola nzima, na rola ikilika inabonyezwa upya.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mikindani: Jina la kanga lilichongwaje, na kwa nini kanga haina maua yanayorudia kama kitenge?

Kwenye kibao na kwenye rola ya shaba herufi huchongwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ndipo zitoke sawa kwenye nguo. Kwa skrini, yaani kitambaa chenye vitundu kilichowambwa kwenye fremu, si lazima, kwa sababu rangi inapenya kutoka juu.

Kuhusu maua, hesabu mwenyewe. Rola ya kipenyo cha sentimita 13 ina mzingo wa karibu sentimita 41, kwa hiyo nakshi lazima irudie kila sentimita 41. Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati na jina moja, na urefu wake ni kama sentimita 150. Kuitoa kwa mzunguko mmoja ungehitaji rola ya kipenyo cha karibu sentimita 48, yenye uzito wa kutisha. Vibao havina kikwazo hicho, na skrini bapa pia haina.

Msomaji, Kilwa Masoko: Kaniki yenye vidoa vyeupe ilitengenezwaje? Na ile mishipa ya kitenge cha nta?

Nili haiyeyuki kwenye maji. Kiwandani iliyeyushwa kwenye pipa lenye chokaa na salfeti ya chuma; nguo ilitoka humo ikiwa ya kijani-njano, ikawa buluu mbele ya macho hewa ilipoigusa. Kwa hiyo kuchapa nili moja kwa moja kulikuwa kugumu: inaganda kabla haijaingia kwenye uzi. Wakageuza kazi. Walichapa kizuizi palipotakiwa pabaki peupe: uji wa mrututu, udongo mweupe na gundi. Udongo unaziba, na mrututu unaigandisha nili kabla haijafika kwenye nyuzi. Mchovyo uwe wa dakika chache, nguo itolewe ipigwe hewa, irudishwe tena, hadi ikolee. Ukiiacha muda mrefu kwa mara moja uji unalainika na vidoa vyeupe vinaingia buluu kingo.

Kitenge cha nta cha Uholanzi kilifuata wazo hilohilo, kwa utomvu wa miti ulioyeyushwa na kuchapwa pande zote mbili za nguo. Utomvu ukipoa ulivunjwavunjwa makusudi, nili ikaingia kwenye nyufa, na hiyo ndiyo mishipa. Kisha utomvu ulitolewa na rangi nyingine zikaongezwa, mara nyingi kwa vibao. Kitenge cha kuiga kina mishipa iliyochapwa, nayo inarudia umbo lilelile kila baada ya kipimo fulani. Geuza nguo: ya nta pande zake mbili zinalingana.

Kwa kuwa umeandika kutoka Kilwa, tukumbushe kwamba Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigurudumu vya kusokotea uzi. Watu wa huko walisokota pamba karne nyingi kabla ya marekani kushuka bandarini.

Mkulima, Nachingwea: Doa la bibo kwenye shati halitoki. Ni kemia hiyohiyo?

Kwa sehemu, ndiyo. Bibo lina tanini nyingi, ndiyo inayokausha ulimi. Tanini inashika pamba yenyewe, na ikikutana na chuma, hata kutu ya beseni au kisu, inageuka nyeusi kama wino. Lifue mapema kwa maji baridi, kwenye beseni la plastiki. Mafuta ya ganda la korosho ni jambo jingine: yanakauka kama vanishi, na shati hilo ulifanye la shamba.

Mwalimu wa sayansi, Newala: Nataka wanafunzi wachape kwa dawa ya kushikisha, bila sumu. Nianzeje?

Mwalimu, rubia hutaipata sokoni, lakini maganda makavu ya vitunguu yanatosha kuonyesha kanuni.

Chemsheni bafta saa moja kwa sabuni na magadi, msuuze. Tone la maji likidondoshwa linywewe mara moja, likisimama, rudieni.

Dawa ya kwanza: nusu lita ya siki ya asilimia 5, gramu 35 za magadi ya kuokea yakitiwa kidogo kidogo (yatatoa povu, tumieni chombo kikubwa), kisha gramu 65 za shabu iliyosagwa. Dawa ya pili: nusu lita ya siki na misumari yenye kutu, wiki moja, kifuniko kikiwa kimelegezwa ili gesi itoke, mbali na moto. Kila moja ikolezeni kwa gramu 40 za wanga wa muhogo, mkikoroga juu ya moto mdogo mpaka uwe uji laini, kisha upoe. Dawa ya chuma isiwe kali sana, kwani inaozesha pamba.

Mihuri chongeni kwenye viazi vitamu. Msichovye muhuri kwenye uji. Pakeni uji kwenye kipande cha blanketi ndani ya sahani, mguseshe hapo. Chapeni, tundikeni kivulini siku tatu hadi harufu ya siki iishe. Hewa ikiwa kavu, wekeni ndoo ya maji ya moto chini ya kamba.

Halafu maji ya mavi ya ng'ombe, gramu 50 kwa lita, nyuzi 60, dakika 15, kwa glavu. Msitumie chaki ya darasani badala ya mavi. Nyingi siku hizi ni jasi, si chaki halisi. Suuzeni sana.

Maganda yawe na uzito sawa na nguo kavu. Yachemsheni dakika 45, mchuje, mtie nguo kwenye maji hayo yakiwa nyuzi 60 hadi 70 kwa nusu saa, mkigeuzageuza. Palipo na shabu patakuwa njano iliyokolea, palipo na chuma kijani cha kahawia. Sehemu zisizo na dawa nazo zitaingia rangi hafifu, kwa sababu maganda yana tanini; maji moto ya pumba yatazipunguzia. Kipande kimoja kisichopigwa dawa kabisa kichovyeni pamoja na vingine, kifuliwe navyo kwa sabuni, na kibandikwe kando yao ukutani.